Masika, Nyumba Ndogo na Mtoto wa Mwaka na Nusu: Mwongozo wa Kushinda Naye Ndani

Saa nne asubuhi, Makorora, mjini Tanga, mvua ya Aprili inapiga bati hadi hamsikilizani. Nimetoka zamu ya usiku, mama watoto yuko sokoni Mgandini, mkubwa yuko shule. Tumebaki wawili tu, mimi na binti yangu wa mwaka mmoja na miezi tisa. Tangu amalize uji amelia mara tatu, ametupa ndala zangu uani kwenye maji, na sasa amenikumbatia mguu. Nikimbeba anajinyonganyonga ashuke, nikimshusha analia.

Mwanzoni nilidhani ni ukorofi. Baadaye nikadhani ni uhaba wa vichezeo, nikanunua gari la taa, mwanasesere na ngoma ya plastiki. Gari lilidumu siku mbili, na ngoma niliificha mwenyewe. Nilikuja kuona kosa langu siku moja nikiwa nafua ovaroli ya kazini. Yeye analia pembeni, vichezeo vyote vimemzunguka, hakitazami hata kimoja. Kwa kukata tamaa nikampa soksi moja iliyolowa. Akaitia kwenye beseni, akaitoa, akaikamua kwa vidole vyake vitano vinavyojifunza kukamua, akaitia tena. Nilimaliza kufua, nikaanika, nikafagia, yeye bado yuko na soksi.

Kumbe hakuwa anataka kuburudishwa. Alitaka kazi, na hasa ile niliyokuwa naifanya mimi. Haya ninayoyaeleza yametoka kwenye soksi ile, pamoja na makosa niliyofanya kabla na baada. Yanawahusu watoto wa mwaka mmoja hadi kama mitatu. Aliye chini ya hapo bado yuko kwenye kutia kila kitu kinywani, na aliyevuka hapo atakwambia mwenyewe anachotaka, tena kwa sauti.

Kwanza, hakikisha kweli kaboeka

Kilio cha kuboeka kinafanana sana na cha njaa na cha usingizi. Jiulize: amekula lini? Nepi ikoje? Ana joto? Watu wa pwani tunasahau kuwa mtoto aliyevalishwa sweta kwa sababu ya mvua anaweza kuwa anatokota ndani yake. Halafu usingizi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili apate saa 11 hadi 14 kwa siku, usiku na mchana ukijumlisha. Kama jana alikesha na wageni hadi saa tano usiku na kaamka saa kumi na mbili, basi huna mtoto aliyeboeka. Una mtoto mwenye deni la usingizi, na hakuna mchezo utakaolilipa.

Jaribio langu ni jepesi. Mwonyeshe kitu kipya, hata kifuniko cha sufuria. Aliyeboeka hunyamaza palepale, machozi bado yako shavuni. Mwenye njaa hukitupa. Mgonjwa hukitazama kwa unyonge, au hakitazami kabisa. Mwili ukiwa wa moto, akakataa kunyonya au kunywa, akatapika kila anachopewa au akalegea, acha mwongozo huu na nenda kituo cha afya. Huku kwetu mbu hawana likizo, na malaria ya mtoto mdogo haifai kungojewa hadi jioni.

Pili, piga magoti

Kabla ya mchezo wowote, piga magoti na utembee nyumba nzima kwa kimo cha mtoto. Utaona vitu ambavyo hujawahi kuviona ukiwa umesimama. Waya wa chaja unaning'inia. Wembe uko chini ya kitanda. Sarafu iko kwenye kona ya mkeka. Dumu la mafuta ya taa limewekwa nyuma ya mlango, na pembeni yake chupa ya soda iliyotiwa dawa ya chooni, jambo ambalo sisi wakubwa tunalifanya bila kufikiri. Dawa isikae kwenye chupa ya kinywaji hata siku moja. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe, kwa sababu yakipanda yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali.

Betri zile za duara, bapa kama kifungo, zinazokaa kwenye rimoti ndogo, saa na vichezeo vya taa, ziogope kuliko zote. Ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa 2 tu. Ukishuku kwamba kameza, nenda saa hiyo hiyo, usisubiri kuona kama atajisaidia nayo. (Lile gari la taa nililisifu kwa bei yake. Kifuniko cha betri kilikuwa hakina hata skrubu.)

Kwa vitu vingine, chukua kile kigogo cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba: visoda, shanga, vifungo, kokwa za ubuyu, maharage makavu. Karanga na korosho nzima si za umri huu, hata kama bibi anazitafuna kwanza.

Ndoo zote za maji zifunikwe, na jiko la mkaa liwe mahali asipofika, hata likiwa limezimwa, maana jiko lililozimwa huunguza kwa muda mrefu.

Tatu, umpe robo saa yake kabla hujaanza yako

Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunaanza kazi zetu na kungoja alie ndipo tumshughulikie. Matokeo yake mtoto anajifunza kwamba kulia ndiyo kengele.

Mimi hufanya kinyume. Mama yake akishatoka tu, naweka simu juu ya kabati na kukaa chini mkekani robo saa. Sifundishi kitu. Namwacha anipandie, anivue saa, anivute ndevu. Akinipa kitu nakipokea na kushukuru, akikidai nakirudisha. Mchezo huo wa "shika, nipe" anaweza kuucheza mara ishirini na usimchoshe. Wewe ndiye utakayechoka, lakini vumilia. Anayerudiarudia hajakwama, anahakikisha kwamba dunia ya sasa hivi ni ile ile ya dakika iliyopita.

Mtoto aliyeshiba wewe huondoka mwenyewe. Utamwona anateremka mapajani na kwenda kushughulika na ndala. Hapo ndipo uinuke, taratibu, bila kuaga.

Nne, ficha vichezeo

Vichezeo vyote vikiwa sakafuni, mtoto havioni. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, waliwatazama watoto 36 wakicheza, mara na vichezeo 4, mara na 16. Vilipokuwa 4, walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na kukichezea kwa namna nyingi zaidi. Mama mkwe wangu alipoelezwa alisema yeye alilea watoto saba na mdoli mmoja wa magunzi, na hakuna chuo kilichomwita.

Gawa ulivyonavyo kwenye mifuko mitatu. Mmoja unakuwa nje, miwili juu ya kabati. Kila baada ya siku tatu au nne badilisha. Usitie vya dukani tu. Tia kikombe cha plastiki, mwiko mdogo, kopo lenye kifuniko cha kusokota, kipande cha kanga, kifuu kilichosuguliwa hadi kikawa laini. Kifuko kikirudi baada ya wiki, atakipokea kama mgeni kutoka Pemba.

Beseni

Sasa tufike kwenye silaha yenyewe. Kama hutakumbuka kingine chochote, kumbuka beseni.

Tafuta mahali ambapo maji yakimwagika hayaharibu kitu: uani kama kumekauka, au bafuni, au kibarazani. Tandika kanga kuukuu au gunia chini ya beseni, maana saruji yenye maji ni utelezi. Mvue nguo. Tia maji yasiyozidi kina cha vidole viwili vilivyolazwa. Hayo yanatosha kabisa kucheza, ila yanatosha pia kumzamisha, kwa hiyo kaa karibu kiasi cha kumshika bila kuinuka. Mtoto akizama hapigi kelele kama kwenye sinema, huzama kimya. Mtu akibisha hodi, mbebe mwende naye mlangoni.

Siri iko kwenye namna ya kutoa vitu. Usimpe vyote mara moja. Anza na kikombe kimoja. Atachota, atamimina, atachota, atakunywa kidogo (maji yawe safi kwa sababu hiyo). Ukiona anaanza kutazama pembeni, usisubiri alie, mpe cha pili: chupa ya plastiki uliyoitoboa matundu chini. Hii humduwaza. Anaijaza, anaiinua, mvua inanyesha kwa amri yake. Baadaye sponji, kisha chujio la chai, kisha soksi. Mwisho kabisa, chungwa zima. Machungwa ya Muheza yakijaa mjini hayana gharama kubwa, na chungwa linaelea. Atalisukuma chini, litaibuka. Atalisukuma tena. Binti yangu alicheka hadi akapata kwikwi.

Kwa vitu vitano vilivyotolewa kimoja kimoja, mimi hupata dakika thelathini hadi arobaini. Vikitolewa pamoja, nane.

Asiyefika mwaka na nusu atajaza na kumwaga tu, na inamtosha. Aliyekaribia miwili mpe kazi ya kweli: aoshe viazi, aoshe vikombe vya plastiki, afue kitambaa cha meza. Wa miwili na nusu ataanza kuigiza, na hapo utauziwa chai ya maji matupu. Kunywa na ulipe.

Mkimaliza, yeye ndiye amwage maji kwenye mgomba au kwenye sakafu inayongoja kupigwa deki. Beseni lipinduliwe papo hapo. Lisilale na maji hata dakika tano.

Jikoni, ila mbali na moto

Mtoto hafai kuwa jikoni chakula kikiwa kimeinjikwa. Ila nusu ya upishi hufanyika kabla ya moto, na nusu hiyo anaiweza.

Kuchambua mchicha kunamfaa sana. Mkalishe kwenye mkeka, mpe mashina machache, umwonyeshe: jani huku, shina kule. Majani yataingia kwa mashina na mashina kwa majani, utachambua tena baadaye. Vitunguu vizima, viazi na ndimu kubwa anaweza kuvihamisha kutoka kapuni hadi kwenye sufuria na kuvirudisha. Kuhamisha vitu ndiyo kazi rasmi ya umri huu.

Lakini kwa mtu wa pwani hakuna kama machicha ya nazi. Ukishakuna (yeye akiwa mbali na mbuzi, ule ulimi si wa mchezo) na kukamua tui, usitupe machicha. Mwekee kwenye sinia na kikombe na kijiko. Yanakamulika, yanabonyezeka, yananukia, na akitia kidogo kinywani si sumu. Lainisha kwa maji kidogo yashikamane, umfinyangie kitumbua, atakivunja. Vile vifuu viwili mpe agonganishe, vina mlio mzuri kuliko ngoma ya plastiki. Usiyaache machicha zaidi ya saa moja, maana kwa joto letu huchacha. Kuku watayamaliza.

Mkiwa kazini, ongea naye. Usimhubirie, sema tu unachofanya: "Baba anamenya kitunguu. Kitunguu kinawasha macho." Maneno yake mengi mapya yametokea hapo. La karibuni ni "washa", na analitumia kwa kila kitu, hata uji.

Mvua ikikataa kukatika

Mtoto mdogo anahitaji kutoka jasho hata akiwa ndani. Shirika lile lile la Afya Duniani linasema dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku, zikigawanywa siku nzima. Zinasikika nyingi, ila mtoto asiyefungwa mgongoni wala kukalishwa mbele ya televisheni huzifikisha bila saa ya ukutani.

Mvute kwenye shuka. Mlaze katikati, shika ncha mbili, mburute sebuleni polepole, ukipiga kona useme "shika bomba!" Au panga viti viwili, wewe konda, yeye abiria wa kwenda stendi yetu ya mabasi: Kange, Kange, Kange! Kushuka na kupanda ndiyo mchezo wenyewe, kwa hiyo mwambie amefika kila baada ya nusu dakika.

Anayerusha vitu usimkataze kurusha, mbadilishie tu cha kurusha. Kunja soksi kumi ziwe mipira, weka ndoo tupu hatua mbili mbele. Akikosa, ndiye anayekwenda kuokota, na hapo umepata mazoezi mara mbili.

Banda la kanga: funga kanga mbili kutoka mguu wa meza hadi kwenye kiti, tia mto ndani, muingie wote. Chezeni kibe humo kwa humo. Jifiche nusu, acha mguu uonekane. Ukijificha kabisa mtoto wa mwaka na nusu ataanza kulia badala ya kukutafuta. Banda hili mimi nimewahi kusinzia ndani yake nikaamka nimevalishwa sufuria kichwani, kwa hiyo usilitumie ukitoka zamu.

Unga wa kuchezea

Unga wa ngano kikombe 1, chumvi nusu kikombe, maji kikombe 1, mafuta ya kupikia kijiko 1 cha chakula, maji ya ndimu vijiko 2. Changanya vyote kwenye sufuria kabla ya kubandika, koroga visiwe na madonge. Bandika moto mdogo, usonge kama unavyosonga ugali. Utaona unaacha kushika sufuria na kuwa donge moja. Ipua, poza vizuri, kanda hadi ulainike. Ukitaka rangi, tia manjano kidogo tangu mwanzo, ila ujue manjano hayatoki kwenye nguo nyeupe. Hifadhi kwenye kopo lenye kifuniko. Ukiona ute au ukungu, tupa.

Huu ni wa mtoto aliyekwisha acha kula kila anachoshika, maana una chumvi nyingi. Kwa anayetia kinywani bado, mpe donge la ugali uliopoa. Unafinyangika vilevile. Najua kuna nyumba ambazo chakula hakichezewi, na mimi nimelelewa kwenye mojawapo. Suluhu yangu ni kutumia ule uliobaki jana ambao ungekwenda kwa kuku, na kufanya hivyo bibi akiwa hayupo.

Unga mkavu usimpe. Nilimpa mara moja, kwenye ungo, "achekeche." Nikageuka kuzima maji. Niliporudi, televisheni, mkeka, paka na mtoto vilikuwa rangi moja.

Kuhusu simu

Nitasema kwa kifupi kwa sababu sina usafi wa kumhubiria mtu. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ni kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora. Nimeona kwangu kwamba simu hainyamazishi kilio, inakiahirisha tu hadi utakapoichukua, kisha kinakuja na riba. Siku za dharura naitumia kwa kumpigia bibi yake Pangani kwa video. Bibi anaongea, anamwimbia, anamwita jina. Hiyo naiona tofauti na katuni.

Ukimwachia dada wa kazi au mtoto mkubwa

Usimwambie dada afue, apike kwa mkaa, apige deki na "amwangalie mtoto." Hayo hayafanyiki kwa pamoja, nawe mwenyewe huyawezi. Chagua. Kama kuna beseni, basi hakuna jiko. Mwonyeshe mifuko mitatu na utaratibu wa kutoa kimoja kimoja. Mkubwa naye akirudi saa nane mchana ni mchezaji mzuri kuliko wote, ila anarudi na penseli, visoda na kifutio mfukoni. Mpekue kwanza.

Siku isiyoshikika

Kuna siku yote haya yatagoma. Soksi itatupwa, banda litabomolewa, chungwa litakulenga kichwani. Siku hiyo usilazimishe mchezo, badilisha mahali. Kutoka chumbani kwenda kibarazani kunatosha. Tanga ina baiskeli nyingi, kaeni barazani mhesabu zinazopita na miamvuli yao: moja, moja, nyingine, moja. Ikishindikana hiyo, maji ya uvuguvugu ya kuoga, hata kama kaoga asubuhi. Ikishindikana na hiyo, mfunge mgongoni kwa kanga na uendelee na kufagia. Mara nyingi alichokuwa anakitaka tangu saa nne ni usingizi, na wewe ulikuwa unamtolea machungwa.

Akilala, nenda kapindue beseni, toa chungwa chini ya kabati, hesabu soksi. Kwetu huwa inapungua moja. Mara nyingi iko kwenye sufuria ya ugali, kwa hiyo angalia humo kabla hujainjika ya mchana.